Mapenzi na Utani katika Ukumbusho wa Miongo: Uhakiki wa "I Love the '80s"

Tarehe 16 Desemba 2002 stesheni ya VH1 nchini Marekani ilianza kuonyesha mfululizo wa televisheni ulioitwa "I Love the '80s". Mfululizo huo ulikuwa na sehemu kumi, kila sehemu ikichukua saa moja pamoja na matangazo yake ya biashara, na kila moja ikishughulikia mwaka mmoja, tangu 1980 hata 1989. Umbo lenyewe halikubuniwa Marekani. Lilitoka BBC, ambayo mwaka 2000 ilikuwa imeonyesha mfululizo wa namna hiyo kuhusu miaka ya sabini. Waingereza walikuwa wamempa kila mwaka mwongozaji wake, mtu mashuhuri mwenye uhusiano na mwaka ule. Wamarekani wakamwondoa mwongozaji, wakaiacha orodha ya vitu ijiendeshe. Orodha ikazaa. Miaka ya sabini ikafuata mwaka 2003, ya tisini mwaka 2004, na ile ya themanini ikarudiwa mara mbili zaidi, mwaka 2003 na 2005. Kwamba kitu hiki kilipendwa, hapana shaka. Linalohitaji kuchunguzwa ni nini hasa kilichopendwa ndani yake.

Jawabu la kawaida ni kwamba mtazamaji hukumbushwa utoto wake. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1982 alikuwa na thelathini mwaka 2002: ana mshahara, ana televisheni yake, na ameanza kung'amua kwamba vijana hawazijui nyimbo zake. Hesabu hii ya miaka ishirini si ngeni. "Happy Days" ilianza mwaka 1974 ikisimulia miaka ya hamsini. "The Wonder Years" ilianza mwaka 1988 ikisimulia mwaka 1968 na miaka iliyoufuata. Jawabu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Tamthilia hizo mbili zilikuwa na wahusika wasiojua yatakayowafika, na mtazamaji aliwaonea huruma kwa sababu yeye aliyajua. Katika "I Love the '80s" hamna mhusika wala kisa. Kadhalika, kama hadhira ingekuwa ya wakumbukaji peke yao, kusingekuwa na haja ya maelezo; ilhali hapa kila kitu huonyeshwa kwanza, kisha huelezwa kana kwamba mtazamaji hakuwako. Kipindi cha kumbukumbu kinachomtosheleza hata asiyekumbuka kina mvuto mwingine usiokuwa kumbukumbu.

Mvuto huo waonekana katika fani kabla ya maudhui. Wasemaji ni wachekeshaji, waigizaji na wanamuziki, miongoni mwao Michael Ian Black, Mo Rocca na Hal Sparks. Kila mmoja huketi peke yake mbele ya kamera. Hawakutani. Mhariri ndiye anayewakutanisha: mmoja huanza sentensi, wa pili huidakia, wa tatu huimaliza; wimbo mmoja huimbwa na watu wanne au watano, kila mmoja kipande chake, na wengine nje ya sauti. Baraza hili halikukaa popote. Hata hivyo mtazamaji, naye akiwa peke yake sebuleni, hulisikia kama baraza la watu wanaojuana, na kila anapocheka hujiona amekaribishwa kiti. Anachopewa ni uwenyeji wa wakati fulani, na uwenyeji huo hauhitaji ushahidi mwingine ila kicheko kinachotoka mahali pake. Ndiyo maana hata aliyezaliwa mwaka 1985 aliweza kuupata.

Jina la mfululizo lastahili kuangaliwa kwa jicho la sarufi. Kwa Kiswahili lingekuwa "Naipenda Miaka ya Themanini". Mtenda yupo, na ni nafsi ya kwanza. Wakati ni uliopo. Kipendwacho ni mwongo mzima, bila kubagua. (Wazee wa pwani waliokuwa wakihesabu mwaka kwa Nairuzi waliita mwongo siku kumi tu, wakijua kwamba hata siku kumi zina pepo zake mbalimbali.) Linganisha neno ambalo wasemaji wa Kiswahili wamelitumia kwa haja hiyo hiyo: "zilizopendwa". Hapo nafsi ya kwanza imetoweka. Kinachotangulia ni kipatanishi cha nyimbo zenyewe. Kinafuata kiambishi cha wakati uliopita, halafu kirejeshi, na kauli ni ya kutendwa, mtenda akiwa hakutajwa. Nani alizipenda? Watu. Tanzania, ambako husemwa "zilipendwa", hata kirejeshi kimeachwa, na sentensi kamili imegeuzwa jina. Msikilizaji wa zilizopendwa haambiwi kwamba bado anazipenda. Anajulishwa kwamba wako waliozipenda, naye yuko huru kuungana nao au kuwapita. Neno hili lina adabu ya kuyaacha yaliyopita yawe ya wenyewe. Jina la Kimarekani huyatwaa yote na kuyafanya mali ya asemaye sasa.

Mapenzi yanayotangazwa katika jina hilo yana ajabu yake, maana asemaye "napenda" hutumia muda wake mwingi kudhihaki. Nywele zilizotuniswa, pedi za mabega, ngoma za kompyuta, nyuso za waimbaji waliojipaka rangi: yote hutajwa ili yachekwe. Wako wanaoliona jambo hili kuwa unafiki, kwamba mapenzi ni ganda na dharau ndiyo kiini. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kiswahili kina dhana inayoifafanua hali hii vizuri zaidi, nayo ni utani.

Utani si kejeli. Mnyamwezi humtania Mzaramo, na mjukuu humtania babu, kwa sababu baina yao pana uhusiano unaotambuliwa na pande zote mbili. Asiye mtani akisema maneno yale yale, amematukana. Msibani mtani huweza kuuiga mwendo wa marehemu na sauti yake mpaka wafiwa wakacheka katikati ya kilio, lakini ni yeye pia anayeshika kazi za maziko ambazo wafiwa hawaziwezi. Ruhusa yake imetokana na wajibu wake. Kwa kipimo hiki sehemu bora za "I Love the '80s" ni zile ambamo msemaji anajicheka mwenyewe: nguo alizomsumbua mama yake amnunulie, bango alilobandika chumbani, mwimbaji aliyedhani atamwoa. Hapo mtani na mtaniwa ni mtu mmoja katika umri mbili, na yule mtoto, japo hasemi, ana wa kumjibia. Sehemu dhaifu ni zile za msemaji kumcheka mtu mwingine, mathalani mwimbaji wa wimbo mmoja aliyesahaulika, aliyeweka pale juhudi yake yote. Sharti la utani ni kujibiwa. Aliye katika kanda ya zamani hawezi kujibu, na utani usiojibika hugeuka masimango.

Kuna jambo zito zaidi. Orodha hulazimisha vitu kulingana. Mwaka 1985 waonyesha hivyo wazi. Mwezi wa Aprili kampuni ya Coca-Cola ilibadilisha ladha ya kinywaji chake, wanywaji wakapiga kelele, na mwezi wa Julai ladha ya zamani ikarudishwa. Julai hiyo hiyo, tarehe 13, ndiyo siku ya tamasha la Live Aid kule London na Philadelphia, lililofanywa kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia. Na mwezi wa Januari waimbaji wa Marekani walikuwa wamekwisha kurekodi "We Are the World" kwa kusudi hilo. Katika umbo la namna hii kila jambo hupewa dakika zake chache, na soda na njaa huingia kwa mlango mmoja. Tena njaa haiingii yenyewe. Huingia kwa mlango wa wimbo, na wimbo kwa mlango wa mavazi ya waimbaji. Haitoshi kujibu kwamba kipindi kinahusu muziki na michezo ya kuigiza, si siasa, kwani wimbo huo haukuwako ila kwa sababu ya njaa. Kuukumbuka bila njaa ni kukumbuka kitu ambacho hakikutokea.

Wala si lazima orodha ya vitu ifanye hivyo. Katika "Al-Inkishafi" Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliziorodhesha fahari za majumba ya Pate: taa za bilauri na za shaba, vyombo vya kaure vilivyopangwa vidakani, makundi ya wageni. Vidaka hivyo hivyo baadaye vinakaliwa na makinda ya ndege, na kumbi na popo. Mshairi naye alijua ladha ya kutaja vitu kimoja kimoja, na msomaji huionja ladha hiyo kabla ya kushtuka. Lakini kwake kila chombo ni shahidi wa aliyekishika, naye amekufa. Katika televisheni ya VH1 chombo kimewashinda wenyewe: kipo katika kanda, kina rangi zake, na yamkini kinauzwa tena. Isisahaulike kwamba stesheni hii ilizaliwa Januari 1985, ndugu mdogo wa MTV ya mwaka 1981, zote mbili zikiishi kwa filamu fupi za nyimbo. Iliposema inaipenda miaka ya themanini ilikuwa inaifungua ghala yake.

Njaa ya ghala hiyo ikawa kubwa kuliko akiba. Juni 2008 ilionyeshwa "I Love the New Millennium", yenye kukumbuka miaka tangu 2000 hata 2007, mwongo wenyewe ukiwa bado una mwaka na nusu wa kuishi. Matanga yakawekwa, na mgonjwa yumo chumbani anasikiliza.

Mtindo huu ukihamishiwa Nairobi, vitu vya kutaniwa havingekosekana: maziwa ya Nyayo shuleni, visa vya "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani", shamrashamra za Michezo ya Afrika pale Kasarani mwaka 1987. Mashaka yangeanza katika sehemu ya tatu, ya mwaka 1982. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alikuwa tangu 1966 akitangaza kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", na sauti yake ilipendwa kwa kila maana ya neno hilo. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga waliokuwa wameasi walimtoa nyumbani kwake, wakampeleka katika stesheni ya Sauti ya Kenya, wakamlazimisha kuwatangazia wananchi kwamba serikali imepinduliwa. Siku haikwisha kabla ya jeshi kuirudisha stesheni mikononi mwa serikali. Watu wengi walikuwa wamekwisha kufa. Mhariri wa sehemu hiyo angekuwa na sauti moja yenye kumbukumbu mbili, ile ya kuuliza habari za ungwana na ile ya asubuhi hiyo, na dakika chache za kuzigawia.