Watazamaji wa Mara na Filamu ya Casablanca

Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare ihusuyo mfanyabiashara wa Venisi. Jina alilolipa ni Mabepari wa Venisi. Katika Kiingereza ametajwa mfanyabiashara mmoja. Katika Kiswahili wametokea mabepari, tena wengi. Kwa neno moja tu mfasiri alikuwa amekwisha kuhakiki. Basi mtu asituambie kwamba kazi za kigeni hatuna budi kuzipokea pamoja na sifa zake zilizokwisha kufungashwa huko zitokako.

Nayasema haya kwa sababu ya filamu moja kongwe ya Kimarekani iitwayo Casablanca, picha ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo nimepata kuionyesha mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mjini Tarime, mbele ya wanafunzi wa sekondari na walimu wao. Mara ya pili ilikuwa Mugumu, wilaya ya Serengeti, barazani kwa jamaa yangu, mbele ya watu wazima waliokuja wengine kwa udadisi na wengine, nakiri, kwa chai. Kwa kuwa maneno yake ni ya Kiingereza nilisimama kando ya picha nikafasiri papo kwa papo, kama wafanyavyo vijana katika vibanda vya video. Hadhira hizo mbili zilitofautiana vikali, na ubishi wao ulinifunza juu ya filamu hii mambo ambayo sikuyapata katika sifa zote nilizozisoma.

Kwa msomaji asiyeiona, kisa ni hiki. Vita Kuu ya Pili imepamba moto, na mji wa Casablanca, Moroko, umejaa wakimbizi wa Ulaya wanaotafuta vibali vya kwenda Lisbon na kisha Marekani. Rick, Mmarekani mwenye kilabu cha usiku, anaishi na uchungu wa kuachwa. Mara anaingia Ilsa, mwanamke aliyempenda Paris na ambaye alimwacha stesheni, mvua ikinyesha, kwa barua fupi. Sasa yu pamoja na mumewe, Victor Laszlo, mpinzani wa Wanazi anayesakwa. Huko Paris Ilsa alikuwa ameletewa habari kwamba mumewe amefia katika kambi ya mateso. Walipokaribia kuondoka na Rick akapata habari kwamba yu hai, ni mgonjwa, naye amefichwa. Rick anavyo vibali viwili. Mwishoni anawapa mume na mke, anampandisha mwanamke ndege, naye anabaki.

Filamu hiyo iliongozwa na Michael Curtiz mwaka 1942, ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 1944. Ilipigwa California, Moroko yenyewe haikukanyagwa na waigizaji wake. Ilionyeshwa kwanza New York, Novemba 26, 1942, siku chache tu baada ya majeshi ya Marekani na Uingereza kutua Moroko na Aljeria. Kwa hiyo ilikuwa pia chombo cha vita: ilimwambia Mmarekani aache kukaa pembeni kama Rick alivyokaa.

Tarime ugomvi ulianzia kwa Sam, mpiga kinanda mweusi wa kilabu. Ilsa anapouliza habari zake anamtaja kwa neno la Kiingereza ambalo sikuhitaji kulifasiri, maana Waswahili tunalo tangu enzi za ukoloni, nasi twajua lilivyotumika majumbani mwa Wazungu: boi. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne akauliza umri wa mwigizaji huyo. Dooley Wilson alizaliwa mwaka 1886. Alikuwa na miaka 56. Ingrid Bergman, aliyemwita boi, alikuwa na miaka 26. Ukumbi ukanyamaza. Mwalimu wa historia alijaribu kumtetea mtunzi: kwa sinema ya Marekani ya siku hizo, alisema, Sam ana heshima isiyo ya kawaida, ni rafiki wa Rick wa kuaminika, ana fungu lake katika mapato, na tajiri mwingine anapotaka kumnunua Rick anajibu kwamba yeye hafanyi biashara ya binadamu. Hayo ni kweli. Lakini wanafunzi hawakuridhika, nami sikuwaona wakaidi. Sam anamfuata Rick kutoka Paris hadi Afrika, na mpaka filamu inakwisha hatuambiwi yeye mwenyewe anampenda nani.

Ndipo tukafika penye wimbo. Maofisa wa Kijerumani wanaimba kilabuni. Laszlo anaiamuru bendi ipige wimbo wa taifa wa Ufaransa. Watu wote wanasimama na kuimba hata sauti za Wajerumani zinazama. Wengi wa waigizaji wa pale walikuwa wakimbizi wa kweli waliomtoroka Hitler, na machozi yao hayakuwa ya kuigiza tu. Mwalimu mmoja alijifuta macho, nami koo lilinikaba. Lakini binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza, bila kuinua sauti, ni uhuru wa nani unaoimbwa. Moroko ilikuwa chini ya Ufaransa, na ilipata uhuru wake mwaka 1956 tu. Wenyeji wa mji ule katika filamu ni mabawabu, wachuuzi na wapita njia. Wanasimama nje ya wimbo wa uhuru unaoimbwa ndani ya nchi yao.

Wapo walimu walioniambia baadaye kwamba swali hilo linaivunja filamu, na kwamba ni kasumba tupu isiyofaa shuleni. Siafikiani nao. Binti yule aliuliza kwa sababu wimbo ulikuwa umemgusa, asingeguswa asingeuliza. Kazi mbovu haimfanyi mtu adai haki ya kuwamo ndani yake.

Mugumu hawakushughulika na wimbo. Huko walisimama kwa mume. Vijana wa Tarime walikuwa wamemlilia Rick, wengine wakimwita mjinga aliyetoa mkononi kilicho chake. Wazee wa Mugumu walimwona kuwa mtu aliyerudisha mali ya watu kwa kuchelewa. Mzee mmoja alitaka kwanza kujua ng'ombe wa mwanamke huyu walitoka zizi la nani. Nilipomjibu kwamba katika kisa hiki hakuna ng'ombe, akauliza, "Sasa hawa wanagombania nini?" Baraza zima likacheka. Neno la mahaba ambalo Rick humwambia Ilsa akinyanyua bilauri, nililolifasiri "mtoto", nalo lilizusha kicheko: wazee walicheka kwa kuwa mtoto haolewi, vijana kwa kuwa mtaani neno hilo lina maana nyingine kabisa.

Asiyecheka alikuwa bibi mmoja aliyevuka miaka sabini na mitano. Alingoja watu wapungue, kisha akasema, "Mwanangu, habari hii naijua." Mume wa mama yake alichukuliwa katika Keya, akapelekwa Burma, walikopelekwa wengi wa Mara mwaka 1944. Ikaja habari kwamba amekufa. Mama akarithiwa na ndugu wa mumewe, kama ilivyokuwa desturi, na yeye bibi akazaliwa katika nyumba hiyo. Mwaka 1946 askari akarudi, amekonda, ana koti la jeshi. Wazee wakakaa siku mbili. Wakaamua kwa haki, alisema, wala hakuna aliyenung'unika: mama akarudi kwa mume wa kwanza, na mtoto akahesabiwa wa nyumba hiyo. Baba aliyemzaa akawa baba mdogo. "Ila mama hawakumwita kikaoni. Alikuwa jikoni akiwapikia."

Tangu nisikie maneno hayo naitazama Casablanca kwa jicho jingine. Twabishana kama Ilsa ni haki ya Rick au ya Laszlo, na filamu inatutaka tubishane hivyohivyo. Kuna usiku Ilsa anamwendea Rick na bastola kudai vibali. Hawezi kupiga. Analia, na mwishowe anamwachia Rick kazi ya kufikiri kwa niaba yao wote. Vijana wa Tarime walisema basi, alikabidhi mwenyewe. Nilipomweleza bibi hoja hiyo alijibu kwamba mtu aliyechoka hukabidhi, lakini kukabidhi si kuulizwa. Uwanjani Rick anatangaza uamuzi kama mwenyekiti wa kikao. Ilsa ndiyo kwanza anausikia.

Wala Hollywood haikuwa huru kuliko wazee wale. Tangu mwaka 1934 viwanda vya filamu vya Marekani vilikuwa vikisimamiwa na kanuni za maadili ambazo zisingeruhusu mke amwache mumewe aende na mpenzi na filamu ikalisifu jambo hilo. Bergman mwenyewe alisimulia baadaye kwamba walipokuwa wakipiga picha hakuambiwa mwishoni ataondoka na nani. Pengine ndiyo maana uso wake katika filamu hii una mashaka yasiyofanana na ya mwigizaji mwingine yeyote. Ni uso wa mtu anayengoja kikao kiishe. Hapo ndipo naona ukubwa wa kazi hii, mahali ambapo waliomsifu Rick hawapatazami.

Ndege inaporuka, kamera haimfuati Ilsa. Inabaki chini na Rick na afisa wa polisi wa Kifaransa, wanaume wawili wanaotembea katika ukungu wakianza urafiki wao. Bibi aliniomba nirudishe nyuma, apate kumwona yule mama alivyokaa humo ndani. Nilirudisha mara mbili. Hayumo.