Maiti Haulizwi Sanda: Wasifu wa Nyanya na Sauti Yake Katika Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Utanzu wa wasifu unaosikika zaidi nchini Kenya haupatikani madukani wala maktabani. Ni ule wasifu wa marehemu unaosomwa mazishini, ukiwa umepigwa chapa katika ukurasa mmoja au miwili wenye picha. Anapozikwa ajuza aliyekuwa nguzo ya ukoo, umbo la wasifu huo hutabirika: mwaka wa kuzaliwa, jina la mume, idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, imani yake, ugonjwa wake, na hatimaye sifa mbili tatu, kwamba alikuwa mchapakazi, mkarimu na mpenda amani. Maisha ya miaka tisini husomwa kwa dakika tano.

Utanzu huu haujashughulikiwa na wahakiki ipasavyo, pengine kwa kudhaniwa kuwa si fasihi. Makala haya yanadai kwamba udhaifu wake hautokani na uhaba wa mapenzi wala wa elimu kwa wanaouandika. Unatokana na mazoea ya kumsifu mwanamke mzee badala ya kumsikiliza. Ili kulionyesha hilo tutaangalia matini tatu ambamo maisha ya mwanamke yamehifadhiwa kwa Kiswahili: utendi wa Mwana Kupona, Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, na masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa yaliyohaririwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel.

2.0 Mama Anayejiandikia

Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alitunga utendi wake mwaka wa 1275 Hijria, yaani 1858 Miladia, akiwa mgonjwa, na kumwelekezea binti yake, Mwana Hashima. Alifariki miaka michache baadaye. Umri wake haukuwa mrefu kama wa maajuza tunaowazungumzia, lakini kauli yake ni ya mzee wa nyumba: anamwita mwanawe aje na vifaa vya kuandikia, kisha anamkabidhi wosia.

Mjadala mwingi kuhusu utendi huu umezunguka swali moja, iwapo unamtweza mwanamke kwa kumtaka amtii mumewe. Swali hilo ni halali, ila limefunika jingine: katika wosia huu, mama mwenyewe yuko wapi? Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu aliyemkaidi Seyyid Said wa Unguja, na alifariki mwaka wa 1856. Bila shaka mkewe aliyaona mengi. Hata hivyo, vita vya Siyu havisimuliwi. Anachotueleza kuhusu ndoa yake ni kidogo: kwamba waliishi kwa furaha bila ugomvi mpaka kifo kilipowatenga.

Kimya hicho kina maana. Mwana Kupona anayatoa maisha yake kama ushahidi wa kuunga mkono mawaidha. Sehemu isiyofaa kuwa fundisho ameiacha. Hata hivyo, uteuzi huo ni wake. Ni yeye aliyeamua binti yake amkumbuke kwa lipi, na ni yeye aliyetia tarehe. Hapa ndipo anapotofautiana na nyanya wa wasifu wa mazishini, ambaye huteuliwa na wengine. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Mwana Kupona alijikatia yake mapema.

3.0 Baina ya Sifa na Wasifu

Maneno wasifu na sifa yana shina moja la Kiarabu, na huenda lugha yenyewe inatuponza. Kumweleza mtu na kumtukuza ni vitendo vinavyokaribiana mno katika Kiswahili. Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka wa 1958, ni mfano bora wa ukaribu huo.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini, akapewa jina la Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kuwa mwimbaji wa taarabu. Mwaka wa 1928 alikwenda Bombay kurekodiwa nyimbo zake, na alifariki mwaka wa 1950. Mkondo huo wa maisha, kutoka jina la Mtumwa hadi jina la heshima la Siti, una tamthilia ndani yake.

Shaaban Robert alitenda jambo la kijasiri kumfanya mwanamke wa tabaka hilo, tena mwimbaji, kuwa mada ya wasifu. Lakini mbinu yake ni ya mwadilifu. Kila tukio hugeuzwa haraka kuwa kielelezo cha subira, bidii au unyenyekevu, na msomaji huufunga ukurasa akiwa na fadhila nyingi kuliko mtu. Siti aliyeimba juu ya dhuluma za mjini na kuchekesha wasikilizaji wake hupungua kimo kila anapozidishiwa sifa. Hatusemi hivi ili kumshushia hadhi Shaaban Robert. Tunasema kwa kuwa mbinu hiyo ndiyo iliyorithiwa na waandishi wa wasifu wa mazishini, bila ufundi wake wa lugha.

4.0 Wanawake Watatu wa Mombasa

Matini ya tatu inafuata njia nyingine. Katika miaka ya 1970, Mirza na Strobel waliwahoji Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy. Bi Kaje alitoka katika ukoo uliomiliki watumwa. Bi Mishi alitoka katika kizazi cha watumwa. Bi Shamsa alikuwa wa rika la baadaye.

Thamani ya masimulizi haya kwa mhakiki imo katika mambo ambayo wasifu wa kawaida ungeyafuta. Ngoma za lelemama na mashindano yake, mafunzo ya unyago, harusi, uhusiano wa waungwana na watumwa wao baada ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka wa 1907: yote yanasimuliwa na watu walioyaishi, nao hawakubaliani. Msomaji anayepokea kumbukumbu za mtoto wa mabwana peke yake hawezi kuujua utumwa. Inambidi amsikilize pia mtoto wa waliotumikishwa. Bibi mmoja akisimulia hutupa maisha; mabibi wawili wakipingana hutupa historia.

Hata hivyo, kazi hii nayo ina kejeli yake. Maneno yaliyotamkwa kwa Kiswahili yalisomwa kwanza kwa Kiingereza, mwaka wa 1989. Matini ya Kiswahili ilitoka mwaka wa 1991, nayo ilichapishwa Marekani. Wajukuu walitanguliwa na wageni kuisoma habari ya nyanya zao.

5.0 Kanda Iliyozimwa

Ni rahisi kuwalaumu wageni. Ukweli ni kwamba idara zetu zimeshiriki katika kosa hili. Kwa miaka mingi tumewatuma wanafunzi nyanjani kukusanya ngano, methali na vitendawili kutoka kwa wazee, na nyanya akawa "mtambaji", jina na umri wake vikiandikwa juu ya ukurasa.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Nyanya yake alimtambia ngano tatu. Baina ya ya pili na ya tatu akaanza kueleza jinsi alivyolikimbia boma la mume wa kwanza, usiku, akiwa na mtoto mgongoni. Kinasa sauti kilizimwa ili kanda isijae kabla ya ngano ya tatu. Miaka mingi baadaye, alipozikwa, wasifu uliosomwa ulitaja mume mmoja tu. Waombolezaji waliitikia kwa heshima. Ngano zote tatu zingalipo, na fisi na sungura hawajapoteza neno. Habari ya usiku ule imekwenda na mwenyewe.

6.0 Hitimisho

Hatupendekezi kwamba siri za marehemu zianikwe kaburini. Mazishi yana adabu zake, na familia ina haki ya kustiri. Tunachopendekeza ni kwamba hadithi ya maisha ihesabiwe kuwa utanzu kamili wa fasihi simulizi, ikusanywe kwa lugha ya msimulizi, angali hai, na yeye mwenyewe aulizwe lipi lisemwe na lipi listiriwe. Mwana Kupona alipata nafasi hiyo kwa kuwa alijua kuandika. Bi Kaje na Bi Mishi waliipata kwa kuwa kulikuwa na watu walioketi wakawasikiliza.

Mwanafunzi atakayekwenda nyanjani likizo ijayo na achukue kanda ya ziada. Ngano itakapokwisha, asiinuke.