Tarehe 29 Februari 1900: umbo la jaribio fupi

Jaribio ninalolisoma limeandikwa kwa Python, kwa maktaba ya Hypothesis aliyoianzisha David MacIver. Kitangulizi chake cha kwanza, @given, kinaiachia mashine ichague mwaka kati ya 1 na 9999, mwezi kati ya 1 na 12, na siku kati ya 1 na 31. Cha pili, @example, kinataja mseto mmoja tu: 1900, 2, 29. Chini yake funksheni inadai kwamba programu ikubali au ikatae tarehe sawasawa na kalenda ya Python.

Miseto inayowezekana ni 3,719,628, na inayoangukia 29 Februari ya mwaka wa karne usio mrefu ni 75 tu. Uteuzi ungekuwa wa nasibu tupu, majaribio 100 ambayo Hypothesis huzalisha kwa kawaida yangeikosa yote karibu kila mara. Mstari wa pili basi si pambo, ingawa umekaa kama kiraka. Hata mpangilio wake una mvutano: msomaji anaukuta baada ya kanuni ya jumla, ilhali mashine huutekeleza kwanza, kabla ya kuzalisha chochote.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mfano uliotajwa haupunguzwi. Mashine ikigundua kosa yenyewe, hulipunguza kuelekea maingizo madogo kabisa, na hapa lingeelekea mwaka 100, ambao kwa kanuni ya Gregori si mrefu. Hesabu ni safi, lakini kalenda iliyotumika Roma mwaka huo ilikuwa ya Juliasi, na kwayo mwaka 100 ulikuwa mrefu! Mwaka 1900, kinyume chake, unabeba kumbukumbu ya ufundi wenyewe: programu ya majedwali Lotus 1-2-3 iliuhesabu kuwa mrefu, na Excel ikalirithi kosa hilo kwa makusudi ili majedwali ya zamani yasivurugike. Msomaji wa fani hii akiiona namba hiyo anajua mara moja ni kosa gani linaloviziwa. 100 isingemwambia kitu.

Kasoro moja naiona. Programu inayokataa kila mwaka wa karne itaupita mstari huu bila kuguswa, kwa sababu 1900 inapima nusu tu ya kanuni. Ningeongeza @example ya 2000, 2, 29 juu yake, mistari hiyo miwili isomwe kama jozi: mwaka unaogawanyika kwa 400 na usiogawanyika, mwezi na siku vikibaki vilevile.