Nioneshe Duka Kwanza: Namna ya Kuipima Filamu ya Billy the Kid

Ukiuliza filamu ya kaboi iliyo mwaminifu kwa historia inatambuliwaje, wengi watakuambia utazame kofia, matandiko ya farasi na aina ya bunduki. Vitu hivyo hununuliwa. Mtayarishaji mwenye fedha huajiri mtaalamu wa silaha na fundi cherehani hodari, kazi ikaisha. Sababu ya watu kuuana hainunuliki. Hiyo lazima mwandishi aisome, aielewe, kisha akubali kuieleza hata kama itapunguza milio ya risasi. Kwa Billy the Kid, mmoja wa majambazi walioigizwa mara nyingi zaidi katika hadithi za Magharibi ya Marekani, sababu ilikuwa duka.

Mji wa Lincoln, New Mexico, miaka ya 1870 ulikuwa mtaa mmoja wa nyumba za udongo. Biashara yote ilishikwa na duka la Lawrence Murphy, baadaye James Dolan, ambalo watu waliliita Nyumba tu. Mkulima alichukua unga, jembe na nguo kwa mkopo, akaja kulipa kwa mavuno, na bei ya pande zote mbili ilipangwa na mwenye duka. Kinono zaidi kilikuwa zabuni ya serikali: kupeleka nyama na unga kwa askari wa Fort Stanton na kwa Waapache wa Mescalero. Ndipo akaja John Tunstall, kijana wa Kiingereza, akashirikiana na wakili Alexander McSween kufungua duka la pili na benki. Wakati huohuo McSween alikuwa amepokea fedha za bima ya maisha ya Emil Fritz, mshirika wa zamani wa Murphy aliyefariki. Bima ilikuwa ya dola 10,000 na Nyumba ikasema inazidai. Mahakama ikaamuru mali ya McSween izuiwe. Sherifu William Brady, mtu wa Nyumba, akatuma kundi likazuie na mifugo ya Tunstall, ambaye deni halikuwa lake. Tarehe 18 Februari 1878 Tunstall akapigwa risasi njiani akiwa na farasi wake. Miongoni mwa vijana wake wa kazi alikuwamo Billy.

Mtu yeyote aliyekulia mtaa wenye duka moja la mkopo hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kwa hiyo ukimaliza saa ya kwanza ya filamu, jiulize nani anamdai nani. Ukishindwa kujibu, unachotazama ni ngoma ya bastola, hata kama kila kitufe cha koti ni cha mwaka 1878.

Kipimo cha pili ni umri, nacho hakina msamaha. Billy alikuwa na miaka kama 18 Tunstall alipouawa, na kama 21 alipouawa yeye mwenyewe. Tunstall alikuwa na miaka 24. Vita ya Lincoln, yaani mapigano yaliyofuata kati ya pande hizo mbili, kwa sehemu kubwa ilikuwa vita ya vijana waliotumwa na wafanyabiashara. Hollywood hailipendi jambo hilo. Paul Newman alikuwa amevuka 30 katika The Left Handed Gun ya mwaka 1958. Kris Kristofferson alikuwa na 36 kwenye filamu ya Sam Peckinpah ya 1973. Young Guns ya 1988 ilipata vijana wenye sura za vijana, lakini ikampa nafasi ya Tunstall Terence Stamp, mtu wa miaka 50, akawa baba mlezi. Hapo hadithi nzima inageuka. Mzee anayelea yatima si sawa na kijana tajiri aliyewaajiri wenzake wa rika moja na kuwaponza.

Kuhusu mkono wa bastola kuna mtego mzuri wa kumnasa mwandishi mvivu. Ipo picha moja ya Billy inayokubalika na wote, iliyopigwa juu ya bamba la chuma kule Fort Sumner karibu na mwaka 1880, na ikauzwa mjini Denver mwaka 2011 kwa dola milioni 2.3. Ndani yake bastola iko ubavu wa kushoto, ndiyo maana kwa miaka mingi akasimuliwa kuwa ni shoto. Lakini picha za namna ile hugeuza upande kama kioo. Ushahidi upo mkononi mwake mwenyewe: ameshika Winchester ya 1873, bunduki yenye mlango wa kujazia risasi upande wa kulia, na pichani mlango unaonekana kushoto. Itazame na mavazi yake: sweta lililolegea, kizibao, kofia iliyobonyea. Anafanana na kibarua aliyevaa alichonacho. Nikimwona Billy wa filamu amevaa ngozi nyeusi iliyombana, naanza kuwa na mashaka.

Bunduki zenyewe nitazipitia haraka, kwa kuwa wapenzi wa silaha wamezichambua hadi mifupa. Winchester ya 1892 imetumiwa mno katika filamu za matukio ya kabla haijatengenezwa. Mkoba wa bastola unaoning'inia chini pajani ni mtindo wa Hollywood wa karne ya 20; wenyewe waliuvaa juu, karibu na kiuno. Kinachonivutia zaidi ni moshi. Baruti ya wakati ule ilikuwa nyeusi, na ikilipuka hutoa wingu zito jeupe. Watu kumi wakifyatua ndani ya chumba, baada ya sekunde chache hakuna anayemwona mwenzake. Muongozaji anayeruhusu moshi ule uzibe kamera anakuonesha kwa nini mashahidi wa tukio moja walitoa ushahidi usiofanana.

Sikiliza pia lugha. Wakazi wengi wa Lincoln na Fort Sumner walikuwa wasemaji wa Kihispania, na Billy alikisema vizuri. Hao ndio waliomficha, waliomlisha na waliocheza naye dansi. Katika filamu nyingi Mmeksiko ni wa kushika farasi au kuleta pombe. Vivyo hivyo kwa askari weusi wa kikosi cha 9 cha wapanda farasi waliokuwa Fort Stanton. Kanali Nathan Dudley alipoingia Lincoln Julai 1878 akiwa na mzinga na bunduki ya Gatling, siku ileile nyumba ya McSween ilipochomwa moto, askari hao walikuwamo katika msafara wake. Filamu isiyowaonesha haina haki ya kujiita ya kihistoria.

Kisha kuna Gavana Lew Wallace. Huyu hupima ujasiri wa mwandishi. Machi 1879 alikutana na Billy kwa siri, akamwahidi msamaha endapo atatoa ushahidi juu ya mauaji ya wakili Huston Chapman. Billy akatoa ushahidi. Msamaha haukuja. Gavana alikuwa na riwaya mkononi, Ben-Hur, iliyotoka mwaka 1880. Mwaka 2010 gavana mwingine, Bill Richardson, alifikiria kuutoa msamaha huo kwa marehemu, akakataa siku ya mwisho ya utawala wake. Waandishi dhaifu humfanya Wallace mlaghai wa kuchekesha. Ugumu ni kumwonesha kama mtu wa heshima aliyeacha ahadi ikapotea katikati ya shughuli nyingine.

Kama una dakika kumi tu za kuipima filamu, nenda moja kwa moja kwenye utoro wa tarehe 28 Aprili 1881. Billy amehukumiwa kunyongwa, amefungwa pingu mikononi na miguuni, ghorofani katika mahakama ya Lincoln. Mahakama hiyo ilikuwa jengo lilelile la duka la Nyumba, kwa kuwa Nyumba ilifilisika na wilaya ikalinunua. Ukiona filamu imelikumbuka jambo hilo, ujue mwandishi amesoma. Sherifu Pat Garrett hayupo, amekwenda White Oaks. Mlinzi Bob Olinger amewavusha wafungwa wengine barabara kwenda kula. Mlinzi James Bell amebaki na Billy, na Bell ndiye anayepigwa risasi kwenye ngazi. Bastola ilitoka wapi? Wengine husema alimpokonya Bell, wengine husema ilifichwa chooni. Muongozaji mwerevu halazimiki kuamua: kamera inaweza kubaki nje, uani, na mlio ukasikika tu. Olinger anarudi mbio, anatazama juu dirishani, anauawa kwa bunduki yake mwenyewe.

Kinachofuata ndicho ambacho filamu nyingi hukikata. Billy hakukimbia. Alikaa karibu saa nzima akihangaika na minyororo ya miguu huku watu wa mji wakimtazama, wala hapakuwa na aliyemzuia. Saa ile ya ukimya inaeleza Lincoln kuliko mapigano yote: woga, huruma kidogo, na watu waliochoka na pande zote mbili.

Kifo chake kinawapa shida watazamaji wetu, ambao tangu enzi za kumbi za sinema na vibanda vya video tunajua kwamba stelingi hafi, na akifa hufa akipigana. Usiku wa tarehe 14 Julai 1881, Fort Sumner, Billy aliingia gizani chumbani kwa Pete Maxwell, akahisi kuna mtu, akauliza kwa Kihispania ni nani. Garrett, aliyekaa kando ya kitanda, akafyatua mara mbili. Hakukuwa na pambano la barabarani wala maneno ya mwisho. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chenye jina la Garrett, kilichoandikwa kwa sehemu kubwa na Ash Upson, na humo ngano nyingi zikapata miguu. Ile hesabu ya watu 21 aliowaua, mmoja kwa kila mwaka wa umri wake, haina msingi: wanaojulikana kwa hakika kuuawa na mkono wake peke yake ni wanne.

Katika televisheni, The Tall Man ya NBC, 1960 hadi 1962, ilijengwa juu ya urafiki wa Garrett na Billy. Itazame kama burudani. Billy the Kid ya Michael Hirst, iliyoanza 2022 na Tom Blyth, ina misimu mitatu, hivyo inapata nafasi ya utoto, mama mhamiaji na umaskini ambavyo filamu fupi hazivifikii. Inajaza mapengo kwa ukarimu kupita kiasi, na mandhari yake ni ya Alberta, Kanada. Iliyo karibu zaidi na kumbukumbu, kwa maoni yangu, bado ni ile ya TNT ya mwaka 1989, Val Kilmer akiwa Billy na Wilford Brimley akiwa Wallace. Gore Vidal aliiandika baada ya kutoridhika na jinsi tamthilia yake ya televisheni ya 1955 ilivyogeuzwa kuwa ile filamu ya Newman. Kilmer alikuwa na miaka 29, kwa hiyo kwa kipimo cha umri anaanguka. Hata hivyo, ukiwa na jioni moja tu, anza na hiyo, kisha uende kwa Hirst ukiwa tayari unajua wapi anatunga.