Mpiga Enanga na Mchezo wa Mtu Mmoja
Katika Karagwe na Kyerwa, kama katika Uhaya, mpiga enanga huketi peke yake akaimba habari za mashujaa. Anayemhesabu kuwa mwimbaji tu hamtendei haki. Kinywa kile kile ni cha mfalme na cha adui wake, nyuzi humwitikia, uso na mabega hutimiza yaliyosalia. Mwaka 1983 M. M. Mulokozi aliuliza kama mafundi hawa ni watunzi wa tendi, akaonyesha kuwa ndivyo. Lakini utendi ulionakiliwa kwa maneno matupu hupoteza pale msimulizi anaponyamaza, nyuzi zikaendelea kusema. Hapo ndipo msikilizaji huachiwa hukumu ya shujaa. Mhakiki asiyekipima kimya hicho amesoma nusu ya kazi.