Tarakimu Iliyojificha

Kisangani leo makuta, yaani pesa, ni karatasi tupu. Sarafu tumewaachia wazee. Nyanya yangu, koko kama tunavyomwita, ana moja ambayo huifunga kwenye pindo la kitenge: faranga 1 ya Mfalme Albert wa Ubelgiji, ya shaba na nikeli, yenye mchikichi na maneno ya Kifaransa. (Za Kiflemi nazo zilikuwepo.) Aina hiyo ilipigwa kati ya 1920 na 1930. Ya koko ilisomeka 192, halafu pakawa laini kama kokoto ya mtoni.

Kuna mafundi wanaojua kuuliza mahali kama hapo. Marekani walikuwa na senti 5 ya nyati, ya 1913 hadi 1938, nayo ni shaba na nikeli. Mwaka wake uliwekwa palipoinuka, basi vidole vikaumaliza kwanza. Wakusanyaji wakaurudisha kwa kloridi ya feri, yaleyale maji ya rangi ya kahawia ambayo mafundi redio huondolea shaba kwenye bodi.

Hakuna kinachoongezwa, na hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu. Muhuri ulipogonga sarafu, madini chini ya tarakimu yalibanwa tofauti na ya jirani. Uso ukisagika, mbano unabaki ndani. Dawa hula pande hizo mbili kwa kasi tofauti, na tarakimu inapanda. Wapelelezi husoma hivyohivyo namba za bunduki zilizopigwa tupa.

Nilivaa glovu, nikachovya njiti ya kiberiti, nikadondosha tone dogo kuliko punje ya mchele. Nikangoja, nikaosha, nikainamisha sarafu dirishani. Patupu. Tone la pili likatoa tumbo la mviringo: sifuri? nane? Nilipoigeuza kidogo tu, mkia ukajitokeza juu. Sita. 1926!

Gharama ipo. Pale tone lilipotua pana doa la kijivu, lenye mikwaruzo, na mkusanyaji makini atakulipa kidogo au atakurudishia sarafu yako. Ya fedha, au iliyo adimu, au ambayo mwaka wake bado unasomeka kwa shida, mimi siigusi.

Koko aliiweka karibu na jicho.

"Na hili doa?"

"Ni dawa, koko."

Akaisugua kwa kidole gumba, kwa nguvu, akaifunga tena kwenye pindo.