Amani, Jamani! Usiende Kurudi, Nenda Ukalale

Nimerudi jana jioni, mwenzangu, sweta yangu bado inanuka moshi wa kambi na wala sitaki kuifua! Nimeitundika nyuma ya mlango makusudi, kila nikipita naivuta puani, na papo hapo niko tena kule, chini ya miti mirefu, mikubwa, mizee, imejaa kuvu na ndevu za majani hadi kileleni. Nimelala hemani katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, na wallahi sijui nianzie wapi. Nianze na harufu? Na usiku? Na yule kinyonga? Ngoja, kinyonga nitamfikia.

Tulishuka Muheza asubuhi, Muheza ile ya machungwa, yamepangwa mafungu kando ya barabara, matamu hayo, yanachuruzika mpaka viwikoni. Tukajaza kikapu: mkaa, viazi, nyanya, dagaa, mahindi mabichi, majani ya chai. Kisha tukaiacha lami. Vumbi, jua, jasho, na ghafla, karibu na Sigi, hewa ikageuka! Unaujua ule ubaridi unaokupiga usoni ukiinamia mdomo wa mtungi? Huohuo. Barabara nzima imekuwa mdomo wa mtungi. Tukanyamaza wote garini, hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Pale Sigi ndipo lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Bado ipo nyumba ya mkuu wa stesheni ya enzi za Wajerumani, maana walileta reli mpaka humu ndani kuja kuteremsha mbao! Tukamwamkia mzee aliyekuja kutuongoza. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, wanangu. Mnalala au mnarudi?" Tunalala, mzee, siku mbili. Akatabasamu, akasema, "Basi mtauona msitu."

Sikumwelewa. Nilielewa jua lilipozama.

Kambi yenyewe ni ya kawaida kabisa: uwanja wa majani, choo, maji, mahali pa kukoka moto, na mto unaopita kwa sauti karibu na masikio yako. Basi! Hakuna muziki, hakuna taa za rangi. Tukapigilia vigingi, udongo laini unameza kigingi kama ugali unavyopokea kidole, tukabandika chai. Huku chai inachemka, giza likaja. Si giza la mjini linalokuja na taa zake. Hili ni giza totoro, zito, nene, unanyoosha mkono huuoni. Na ndani yake vimulimuli! Kimoja, viwili, kumi, kisha kichaka kizima kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, mimi nimeshika kikombe na chai imepoa sijainywa. Nyenje, chenene, vyura, kila mmoja na ngoma yake, na bado!

Na bado kuna perere! Mnyama mdogo, wa kukaa mitini, saizi ya sungura tu, lakini akipiga ukelele usiku nywele zinasimama. Unaanza kama mlango wenye kutu, unakoroma, unapanda, unapanda, halafu wa pili anamjibu ng'ambo ya mto. Moyo ulinidunda du-du-du, mzee anacheka, "Huyo anasalimia." Nikalala nikisikiliza salamu hizo hadi usingizi ukanichukua, mtamu, mzito, wa kitoto.

Lakini kabla ya kulala, sasa, kinyonga! Mzee alituchukua na tochi, tunatembea polepole, anamulika vichaka. Mchana hata upite mara mia humwoni. Usiku anapolala rangi yake inapauka, inakuwa nyeupe karibu kama maziwa, kwa hiyo mwanga ukimgusa anang'aa juu ya tawi kama kipande cha mwezi. Nikamsogelea, karibu, karibu mno. Mkia umejikunja duara safi kama kamba iliyoviringwa, vidole vimekumbatia kijiti, jicho limefungwa. Na usoni pembe tatu! Tatu, mwenzangu! Nimesimama hapo pumzi nimeibana, nikaona ubavu wake unavyopanda na kushuka. Hiyo peke yake ingetosha, ningefunga virago nirudi nyumbani nimeridhika.

Na bado! Asubuhi nimeamshwa na mvumo juu ya hema, fuu, fuu, fuu, nikadhani upepo umekuja na mvua. Nachungulia: hondohondo! Ndege wakubwa, weusi, mdomo kama jembe, wanavuka anga wawili wawili na mabawa yao yanavuma hivyo. Nyuma yao mbega, weusi tii na manyoya meupe pe yakipepea mabegani, wanaruka mti hadi mti bila haraka.

Kisha mzee akatuteremsha kijitoni, akaonyesha mwamba umelowa, umefunikwa kuvu ya kijani kibichi. "Tazameni hapo chini." Ua dogo, la zambarau, kati lina punje mbili za njano, majani manene yenye manyoya laini kama sikio la mtoto wa paka. Hilo ndilo ua ambalo mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta huku Tanga, mbegu zikapelekwa kwao, na leo linakaa kwenye madirisha ya nyumba Ulaya na Marekani. Wajerumani mpaka leo wanalitaja kwa jina la Usambara! Nimepiga magoti kwenye tope nikiliangalia, kwao hasa, mahali lilipozaliwa, tone la maji likidondoka jani hadi jani. Usilichume, tafadhali. Liangalie tu. Litakufuata nyumbani lenyewe.

Siku ya pili tukapanda Amani juu, na huko ni dunia nyingine tena! Baridi, ukungu unapita kati ya miti kama watu waliovaa kanzu, na bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, kubwa, ya kupotelea. Mzee akachuma jani, akalivunja, akanipa ninuse: mdalasini! Hatua chache, iliki! Nikarudi kambini vidole vinanukia pilau. Usiku ikanyesha, mvua nene ya msituni, tapa tapa tapa juu ya turubai, nimejifunika blanketi mbili, mkavu, nasikia joto, na nikafikiri: maji haya ndiyo yatakayoingia mto Zigi, yateremke, yafike kwenye mabomba ya Tanga mjini. Nimelala chanzoni! Chanzoni kabisa!

Sasa wewe, usikae. Panga! Epuka masika, Machi hadi Mei, barabara inateleza vibaya. Juni hadi Septemba ndiyo raha yenyewe, ila baridi ya juu si mchezo: sweta, soksi nene, blanketi. Koti la mvua hata kama anga ni jeupe, kwani msitu huu una mvua zake. Tochi kwa kila mtu, si moja ya kugombania. Suruali ndefu, uichomeke kwenye soksi, siafu hawana mgeni. Simamisha hema nyumbani kwanza, ulijue linavyosimama, usije ukajifunzia gizani. Chakula nunua Muheza, mkaa nunua Muheza, maana kuni za msitu ni za msitu. Pesa taslimu mkononi. Mwongozaji usimkwepe, macho yake ndiyo nusu ya safari. Na kila ganda, kila chupa, kila mfuko uliokwenda nao, rudi nao.

Na zaidi ya yote, mwenzangu, panga kulala. Tanga tumezoea kuisifu kwa ule usemi wa waja leo waondoka leo. Amani haitaki hivyo! Anayekuja asubuhi akaondoka jioni ameona miti. Vimulimuli hakuviona, perere hakumsikia, kinyonga mweupe alikuwa bado amejificha. Msitu unafungua mlango wake jua likizama, na wengi wakati huo wako garini wanarudi.

Mimi narudi Agosti, siku tatu safari hii. Hema langu linaingia watu wawili na nafasi ya pili haina mwenyewe bado. Nipe jibu kabla sijamwambia mwingine!